Kaburi Kwenye Nyumba ya Rehani

Wapendwa wa chama, niacheni nisimame hivi hivi. Nikikaa nitalia, na leo sikuja kulia.

Mnaijua nyumba yangu ya mtaa wa Oli, ile ya mabati. Mnapita mnasema, "Mama huyu ana bahati." Bahati! Ndugu zangu, nawaambia, nyumba hiyo nusura initie wazimu.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, Arua hadi Oraba mpakani. Miaka ile ya sabini, biashara bado ina pumzi, akaniambia, "Tumechoka kupanga. Benki itatukopesha, tutalipa kila mwezi." Kwao Terego, hata kwetu, hakuna aliyewahi kununua nyumba kwa mkopo. Siku ya kutia sahihi nilibaki nje, maana hayo yalihesabiwa mambo ya wanaume. Akatoka anacheka, akasema tuna nyumba. Hakusema kwamba nyumba yenyewe ni rehani, tukishindwa kulipa inauzwa.

Basi bidhaa zikakauka, sukari ikawa hadithi, na lori la tajiri wake likachukuliwa na askari. Mwenzangu akakaa bila kazi, akaugua ini, akafa.

Shemeji zangu wakaja kutoka Omugo, huko huko Terego, kuchukua maiti. Kwetu mwanaume huzikwa nyumbani kwake. Nikasimama mlangoni nikasema kwake ni hapa. Shemeji mkubwa akanijibu, "Hapa iko kwa benki. Wewe nataka kutupa ndugu yetu kwa watu?" Nikadhani ni maneno ya hasira tu; tulitukanana, jamani, na maiti imelala ndani! Mwishowe akachoka, tukamzika uani, karibu na dirisha la chumba chetu.

Haikupita miezi mingi, mtu wa benki akaja. Alipoliona kaburi, akashika kichwa. "Mama, nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya kumzika mume wangu kwangu?"

Ndipo akanieleza habari ya rehani, polepole, kama anaongea na mgonjwa. Mume wangu alikuwa amelala kwenye kiwanja kinachouzwa.

Nikampelekea shemeji habari, nikijua atakuja kumfukua. Siku ya mnada akaja kweli, jembe begani. Nikasema haya, yamekwisha. Wanunuzi walikuwa wamejaa uani. Akapita katikati yao bila salamu, akaanza kupalilia kaburi. Alipomaliza akainua uso.

"Mutu anataka nyumba, anunue na ndugu yangu. Lakini ajue, sisi tutakuja hapa kumlilia, ukoo yote, na tutalala hapa."

Mnawajua watu wa Arua. Nani atalala na maiti wa ukoo wa watu? Mmoja akavaa kofia akaondoka, wengine wakafuata. Mkono haukuinuka hata mmoja.

Benki ikakubali nilipe kidogo kidogo. Shemeji aliuza mbuzi wake. Jirani yangu, mama wa Kinubi, aliniazima cherehani na hakuidai mpaka deni likaisha. Nawashukuru hao wawili. Na ninyi wa chama mlionunua nguo nilizoshona, hata zile zilizopinda, Mungu awalipe.

Kina mama, mume akienda kukopa nyumba, nenda naye. Keti mbele ya mtu wa benki, uliza kwa sauti: huyu akifa, nani atalipa? Atakasirika, atasema unamtakia kifo. Mwache akasirike. Wangu, laiti angekuwepo nyumbani sasa hivi, amenuna.