Mwalimu Yunusi Likanga na Gari Lisilo na Klachi

Baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha udereva katika chuo chetu hapa Nachingwea, Mwalimu Yunusi Likanga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2008. Alianza mwaka 1990 na Land Rover moja, ambayo gia yake ya pili iliingia kwa kubembelezwa tu.

Wanafunzi wake leo wako kwenye malori ya korosho, mabasi ya Lindi na magari ya serikali. Wote wanakikumbuka kilima cha barabara ya Ruangwa. Mwanafunzi alisimamisha gari katikati ya mwinuko, Mwalimu akaweka papai nyuma ya gurudumu, kisha akamwamuru aondoke. Aliyerudi nyuma na kulikanyaga alileta jingine kesho yake, na Mwalimu alilila bila kumwonea huruma.

Kwake, udereva ulikuwa mguu wa kushoto. Asiyejua kuachia klachi polepole hakumhesabu kuwa dereva. Magari ya otomatiki yalipoanza kuonekana mjini aliyacheka, na siku moja mwaka 2005 alilieleza darasa kwamba hayo ni magari ya wenye mguu mmoja mbovu. Mwanafunzi mpya, Felomena, mwalimu wa shule ya msingi kule Mbekenyera, aliinuka kwa fimbo yake.

“Basi nimefika penyewe, Mwalimu,” alisema. “Wangu ni huu wa kushoto, tangu nikiwa mtoto.”

Darasa zima liliinamisha vichwa. Mwalimu Yunusi aliomba radhi palepale, mbele ya wote, kisha akamuuliza kama ana gari la kujifunzia. Lilikuwa nje, dogo, jeupe, la otomatiki, zawadi ya kaka yake wa Dar es Salaam. Jirani ndiye aliyelileta. Kila asubuhi Felomena alipelekwa shuleni nyuma ya baiskeli, naye alikuwa amechoka kubebwa. Vyuo viwili vilishamkataa. Kama nasi tungemkataa, gari lingeuzwa.

Shida ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuendesha otomatiki. Alianza kujifunza kwa gari hilo la Felomena, uwanjani baada ya kazi. Siku ya kwanza mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta breki, na fundi wetu Augustino, aliyekaa nyuma na kikombe cha chai, aliivaa chai yote. Kesho yake Mwalimu aliukunja mguu huo juu ya kiti, kama mtu anayekula mkekani, akazunguka mji hivyo.

“Mzee, mguu umeusahau nyumbani?” Augustino alimpigia kelele.

“Umelala. Usiuamshe, utakumwagia tena chai!”

Ugumu wenyewe ulikuja baadaye. Gari la chuo lina breki na klachi upande wa mwalimu. La Felomena halikuwa nazo. Mtu aliyezoea kuwaokoa wanafunzi kwa mguu sasa alibaki na mdomo tu, na aliutumia kweli. Alifoka kila kona, mpaka Felomena akasimamisha gari njiani.

“Mwalimu, uniamini au ushuke.”

Hakushuka. Alishika magoti yake kwa mikono miwili na kunyamaza hadi Nachingwea. Tuliowaona wakirudi tulidhani wamegombana. Kumbe ndiyo siku Felomena alipoanza kuendesha.

Siku ya mtihani wa leseni, mkaguzi alisita kumpima mtu kwa gari lisilo na klachi. Mwalimu Yunusi alimwomba apande kwanza, aamue njiani. Walikwenda na kurudi, na Felomena akapata leseni. Tangu hapo Mwalimu hufundisha magari ya aina zote mbili, na hakuna darasa lililomsikia tena akicheka mguu wa mtu.

Siku ya kuaga, Felomena ndiye atakayempeleka nyumbani kwake Matambarale pamoja na mkewe, Bi Mwantumu. Tulipomuuliza Mwalimu kama atakaa mbele kama kawaida, alisema hapana, atakaa nyuma na mkewe, huenda hata akasinzia.

Asante kwa kazi yako, Mwalimu. Tunakuombea afya njema, mikorosho isiyopata ugonjwa wa ubwiriunga, na usingizi mzito njia nzima.