Masanduku Yaliyorudi Kabla ya Kwenda

Nilikuwa nimefika katikati ya sinia, nikitoa mawe kwenye ndengu za jioni, Spika alipokuja mbio na karatasi nne mkononi akisema serikali imehama. Jina lake ni Kinyua, anauza viatu vya mitumba sokoni, na anaitwa Spika kwa sababu hawezi kusoma kitu kimya kimya. Benchi lao liko kwenye ukuta wa nyumba yangu, nyuma ya soko la Machakos, hapo ninapouzia chai ya tangawizi. Mchana ule wa Ijumaa lilikuwa na watu wawili. Mmoja ni Kilonzo, fundi wa viatu, tunayemwita Kiraka, ambaye hushona huku akibishana. Wa pili ni Mzee Jeremiah, au Faili, aliyekuwa tarishi wa serikali miaka thelathini na bado anaongea kama mtu aliye na muhuri mfukoni. Kwa kawaida siwasikilizi. Siku ile nilikuwa na shida yangu. Binti yangu Mwelu alitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kupanga foleni ya kitambulisho. Miezi minane alikuwa ametembea na weitingi kadi tu, karatasi ya kusubiri, na Jumatatu alitakiwa kuripoti kazi ya kushona nguo kiwandani huko EPZ, Athi River. Supavaisa alimwambia wazi kwamba bila kitambulisho chenyewe hatapita geti.

— Serikali imehama kwenda wapi? Faili aliuliza. Mimi sijapata barua.

— Barua ya nini, mzee? Wewe ulistaafu. Hii ni ya Jicho la Iveti.

Jicho la Iveti alikuwa mtu wa blogu. Hakuna aliyemjua sura. Aliandika mambo ya serikali kwenye mtandao, kwa Kiswahili, bila kuogopa, na msichana wa saiberi, duka la kompyuta, alikuwa akimchapia Spika karatasi kila baada ya siku chache. Miaka ile wilaya zilikuwa zinakatwa kama keki ya harusi, kwa hiyo hakukosa la kuandika.

— Soma basi, Kiraka alisema, uzi ukiwa mdomoni. Lakini usiongeze yako.

Spika alikohoa, akasimama.

— "Masanduku ya vitambulisho vya watu wa Masinga na Kivaa yamerudishwa Machakos mjini. Wananchi watavichukua katika chumba kile kile cha zamani. Kati ya wakubwa wote, hakuna aliyesema pole."

— Vizuri, nilisema. Mwelu yuko hapo hapo.

Mwelu alijiandikisha kama mtu wa Kivaa kwa sababu huko ndiko nyumbani kwa baba yake. Nikarudi kwa ndengu zangu.

— Ngoja, Mama Mwelu, haijaisha. Karatasi ya pili. "Sherehe ya kufungua ofisi ya wilaya mpya imeahirishwa. Watu wa Kivaa wanataka makao yawe kwao. Watu wa Kithyoko wanasema hapana, wao tayari wamechinja ng'ombe. Mheshimiwa hakufika. Alituma msaidizi na hotuba ya mwaka jana."

— Huyo namjua, Kiraka alisema. Hata kwa matanga alituma hotuba ya harusi.

— Ya tatu. "Lori la serikali limeonekana alfajiri likipakia masanduku ya vitambulisho. Dereva alipoulizwa anakwenda wapi, alijibu kwamba anakwenda alikotumwa."

— Huyo ni dereva mzuri, Faili alisema. Huyo alifunzwa.

— Ya mwisho. "Vitambulisho vyote vya Masinga na Kivaa vitatolewa Kithyoko, makao ya wilaya mpya. Asiyekwenda mwenyewe asilaumu mtu."

Niliweka sinia chini.

— Rudia hiyo.

Akarudia. Ilikuwa vile vile.

— Asi! Kiraka alitema uzi. Sasa hiyo imeendaje? Masanduku yamerudi mjini, halafu yamepakiwa kwa lori, halafu yanaenda Kithyoko. Kabla ya kurudi yalikuwa wapi?

— Yalikuwa safarini, Spika alisema.

— Safari gani na bado hayajapakiwa?

— Nyinyi hamjui kazi ya ofisi, Faili alisema. Serikalini kitu lazima kirudishwe kwanza ndio kitumwe. Ukituma kitu ambacho hakijarudi, utatuma nini?

— Mzee, hata wewe umejisikia?

— Mimi nilitumwa Kitui na faili moja mara tatu. Mara zote tatu nilipata imefika kabla yangu.

Kiraka alimtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka.

— Mimi naona hivi, Spika alisema, akikaa na kuvuta kikombe chake. Masanduku ni ya aina mbili. Matupu wanarudisha mchana ndio watu waone. Yale yako na vitu wanapakia alfajiri watu wakilala.

— Na ng'ombe? Kiraka aliuliza.

— Ng'ombe gani?

— Si umesoma wamechinja? Ofisi inatangazwa karatasi ya nne, ng'ombe anachinjwa karatasi ya pili. Nani anachinja ng'ombe kabla ya kusikia habari? Hao watu wa Kithyoko wako na mtu wao huko juu. Walijua!

— Ama ng'ombe alikuwa mgonjwa, Faili alisema. Wakatafuta sababu.

— Hapana, hapana. Hii ni maneno ya bwawa la Masinga, Spika alisema. Wanataka maji yote ya Tana yaingie ndani ya wilaya mpya, sisi tubaki nje na mitungi. Ukitaka kuchota, unaulizwa kitambulisho. Ndio maana wamebeba vitambulisho.

— Wewe ni mtu wa Murang'a, Kiraka alimwambia. Maji ya Tana yanapita kwenu kwanza. Kwani mnataka yote?

— Mimi nalipa kodi hapa miaka kumi na tisa!

— Basi sikiliza mtu wa hapa. Hii ni kura. Kitambulisho kikitoka Kithyoko, mwenyewe anahesabiwa Kithyoko. Leo ni Masinga na Kivaa, kesho ni Mwala, kesho kutwa ni sisi. Ikifika uchaguzi, mji huu wote utakuwa umehamia Kithyoko kwa karatasi. Hapa watabaki mbuzi na wewe.

— Na sherehe imeahirishwa kwa nini?

— Kwa sababu tumeshajua!

— Umejua saa hii, Kiraka. Sherehe iliahirishwa kabla hujajua.

— Ndio ujue hawa watu ni hatari.

Niliinuka. Saa yangu ilikuwa inaelekea saa saba kasorobo, na basi la mwisho la kufika Kithyoko mchana lilikuwa likitoka saa saba kamili.

— Mnijibu kitu kimoja tu, nikasema. Mtoto akae kwa foleni ama aende?

Walitazamana. Ni nadra mtu kuwauliza jambo ambalo atalifanya kweli.

— Mama Mwelu, Spika alisema polepole, habari ya mwisho ndiyo habari. Na ya mwisho ni Kithyoko.

— Aende, Kiraka alisema.

— Utaratibu unasema aende, Faili alisema.

Nilipiga simu. Kelele za watu zilikuwa nyingi upande wa pili.

— Mama, niko na watu kumi mbele yangu.

— Toka hapo. Vitambulisho vyenu viko Kithyoko. Kimbia stendi, basi linatoka saa saba.

— Nani amesema?

— Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi?

— Kwa blogu.

Nilisikia kama anavuta pumzi, halafu simu ikakatika. Nilipopiga tena, yule mwanamke wa kampuni akaniambia mteja hapatikani.

Nilirudi kukaa. Niliendelea kuchagua ndengu, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi yake na macho yalikuwa njiani. Nilikuwa nahesabu mwendo: Matuu saa nane na nusu, Kithyoko saa tisa na kitu, kama basi halikuharibika. Atapata ofisi wazi? Na akirudi, atarudi na gari gani? Kithyoko hana mtu. Kivaa kwa nyanyake si karibu vile.

Ndinda wa saiberi ndiye aliyefika baadaye na chupa yake ya chai, kama kila siku. Ni msichana mpole, haongei sana. Aliona karatasi zake kwenye magoti ya Spika.

— Mmeshasoma?

— Tumesoma na tumeelewa, Kiraka alisema. Jicho la Iveti ameanika watu.

Ndinda alichukua ile karatasi ya juu, akaiinua kwenye jua, akaigeuza.

— Hii iliandikwa lini?

Spika alichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kiraka alivaa miwani ya kushonea. Faili alipapasa mahali tarehe inapokaa kwenye barua, juu kulia, hakupata kitu.

— Haina tarehe, Faili alisema. Hiyo si halali.

— Ilikuwa nayo, Ndinda alisema. Iko kwa rangi ya majivu, na wino wetu unaisha, haikutoka. Lakini mlianza kusoma wapi?

— Juu, Spika alisema. Kwani watu husoma kuanzia wapi?

— Blogu, habari mpya inakaa juu. Ya zamani inasukumwa chini.

Kiraka aliacha kushona. Spika alitazama karatasi zake nne, akazipindua, akaanza kusoma kutoka ile ya mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisoma bila sauti. Midomo tu ndiyo iliyosogea. Ofisi ikatangazwa. Lori likapakia. Ng'ombe akachinjwa, sherehe ikaahirishwa. Masanduku yakarudi mjini.

— Kwa hiyo ng'ombe alichinjwa baada ya habari, Kiraka alisema kwa huzuni. Alikuwa ng'ombe wa kawaida tu.

— Sasa hiyo ndiyo haina utaratibu hata kidogo, Faili alisema.

— Mmenitumia mtoto Kithyoko, nikasema.

Sikupaza sauti. Sikuwa na nguvu hiyo. Lakini Spika alisimama kana kwamba nimempiga.

— Mama Mwelu, mimi nilisoma tu vile—

— Nimesikia ulivyosoma. Ndinda, hiyo ya juu ni ya leo?

— Sijui, mwaitu. Nilichapa jana jioni. Inaweza kuwa ya jana ama ya wiki iliyopita. Na yanaweza kuwa yameenda tena tangu hapo.

— Yameenda tena?

— Sisemi yameenda. Nasema sijui.

Spika alimpigia shemeji yake anayeuza vitunguu Kithyoko. Tulimsikia wote, kwa sababu simu ya Spika inapaza sauti kama mwenyewe. Shemeji alisema ofisi mpya ina kufuli kubwa na mlinzi, na mlinzi ameenda kula. Basi la mjini lilikuwa bado halijafika. Msichana hajamwona. Akimwona atampa chai.

Chai yangu iliisha saa kumi. Siku nyingine ikiisha huinuka wote pamoja, kila mmoja akakumbuka kwake. Siku ile walikaa. Kiraka alimaliza viatu vyote alivyokuwa navyo, akaanza kufuma kamba ya viatu ambavyo havikuhitaji kamba. Faili alikuwa ameelekea stendi mara mbili na kurudi, akidai ananyoosha miguu. Mimi nilikuwa nimepiga simu mara kumi na moja. Nilibandika ndengu. Mutinda na Kamanthe, wadogo wa Mwelu, walirudi kutoka shule, wakauliza dada yuko wapi, nikawatuma maji.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Iveti Kiraka alipoinua kichwa na kusema:

— Si yule?

Alikuwa yeye. Alitoka upande wa soko, akitembea kama mtu aliyesimama siku nzima, viatu mkononi. Spika alimkimbilia.

— Umetoka Kithyoko na gari gani?

— Kithyoko? Mwelu alimpita, akaja akakaa benchini. Sikuenda popote.

— Nilikwambia uende, nikasema.

— Mama, ulinipigia nikiwa naona masanduku kwa mlango. Yameandikwa Kivaa kwa chokaa. Ningeenda Kithyoko kufanya nini?

— Mbona hukuniambia?

— Simu iliisha chaji ukiniambia imeandikwa. Halafu wakafunga saa saba wakaenda kula. Walirudi saa tisa.

— Na umekipata? Faili aliuliza. Kiko na muhuri?

Alikitoa ndani ya blauzi, kimefungwa kwa leso. Nilinawa mikono kwanza. Spika alinyoosha mkono, nikamwambia hapana, na wewe nenda nyumbani. Kesho utanisomea kitu kingine.

Baba yao alikuwa ameshaingia kutoka kazini, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Niliwasha taa, nikapakua muthokoi na ndengu. Kabla ya kukaa nilikisogeza kile kitambulisho karibu na mwanga. Jina sawa. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Picha haifanani naye, lakini hiyo ni kawaida. Chini, mahali pa kutolewa, palikuwa pameandikwa Kithyoko.

Nilisoma mara ya pili, kuanzia chini kwenda juu.

— Mama Mwelu! Spika aliita kutoka nje. Hakuwa ameenda kokote. Kimeandikwa nini?

— Kimeandikwa Mwelu!

Nikakiweka ndani ya Biblia, nikafunga mlango. Baba yao, Mwelu, Mutinda, Kamanthe, mimi. Sahani tano. Mutinda alichukua kijiko cha kwanza, akauma jiwe, akanitazama. Nikamwambia alitoe, aendelee kula.