Namba ya Nikiforos

Benchi letu, nje ya mkahawa wa Mama Domna hapa Neapoli, Thesaloniki, linaipa televisheni mgongo. Tuliligeuza wenyewe Oktoba, wanaume wanne tukihema, siku Ligi ya Ulaya ya mpira wa kikapu ilipoanza na timu yetu haimo, ya Athene imo. Tuliapa kutoitazama timu ile msimu mzima. Atakayechungulia amepoteza nafasi yake. Domna akatuonea huruma, akazima sauti. Sasa ni Mei, saa kumi na mbili jioni, jua bado kali, na Athene wanacheza nusu fainali. Na humo yumo Nikiforos, mjukuu wa Lazaros, mmoja wetu wanne; kijana alijifunzia uwanja wa nyuma ya kanisa pamoja na mwanangu Minas. Minas anatengeneza friji. Nasema mapema ili mjue ninavyojisikia.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Wakili, ambaye sheria hajaisoma hata siku moja.

— Athene wanapendelewa, na ushahidi ninao. Mechi zote kubwa zinapangwa siku ambazo sisi tuna upepo.

— Upepo unahusiana nini na mpira wa ndani? nikamuuliza.

— Ndiyo ujanja wenyewe! Huwezi kuwashtaki.

Refa, aliyepuliza filimbi mechi za watoto miaka thelathini, akacheka kwa dharau.

— Acha upepo wako. Pete za vikapu vya Athene ziko chini. Vidole viwili. Nilipima kwa fimbo yangu.

— Ulimpanda nani ukafika juu, na goti hilo? nikamuuliza.

— Nilipima kivuli, mjinga wewe!

— Nyie mnacheza, akasema Wakili. Wana watu wao hapa hapa mjini. Mtoto akizaliwa Thesaloniki mrefu kidogo tu, Athene simu inalia.

— Nani anapiga?

— Wakunga! Unadhani walimpataje Nikiforos?

Hapo sote tukamgeukia Lazaros. Alikuwa anamega mkate wake wa ufuta bila kuula. Kiangazi kilichopita, kijana alipokwenda kumuaga, mzee alimwambia: ukivaa jezi ya Athene, usinipigie simu. Kijana akatii. Miezi tisa.

— Wewe huna shida, Refa akamwambia. Wako yuko Ulaya anaruka kwa ndege. Wetu wako wapi?

— Wako nyumbani kwenu, akajibu Lazaros. Mnakula nao.

Mimi nilisikia moyo umechomwa, na badala ya kumwonea huruma nikazidi kumchukia. Mtu ana mjukuu nusu fainali, halafu anataka na sisi tumpe pole!

Ndipo akaja dada mmoja, Mirsini, mfamasia mpya aliyepanga ghorofa ya juu. Alisimama mbele yetu na kikombe chake, uso umeelekea kioo cha televisheni.

— Wazee wangu, mbona mmekaa kinyume? Mechi tamu hii!

Wakili akamweleza yote: kiapo, Athene, wakunga, mjukuu. Dada akamtazama Lazaros kwa upole.

— Basi mimi sikuapa. Nitakutazamia, babu. Subiri... kuna kijana anavua fulana ya juu, anaingia. Mrefu, mwembamba. Jina silisomi toka hapa, naona namba tu. Mjukuu wako anavaa namba ngapi?

— Saba, akasema Lazaros upesi. Hapa kwetu alivaa saba.

— Saba amekaa kitini, babu. Ana mvi.

Lazaros akamwangalia Wakili. Wakili, mwenye ushahidi wa kila kitu, akakagua viatu vyake. Refa akajifanya anakohoa.

— Basi sijui, akasema Lazaros.

Mimi nilijua. Minas aliniambia tangu Novemba, mezani, anacheka kwa furaha ya rafiki yake: ishirini na mbili, baba, wamempa ishirini na mbili. Nikamwambia ale anyamaze. Na sasa Lazaros ananitazama mimi, maana nimebaki mimi, na neno liko mdomoni. Nikinena, watasema nimechungulia. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Ukweli ni kwamba sikutaka awe nayo namba hiyo.

— Wewe je? akaniuliza.

— Nitajuaje? Tumeapa wote.

Mirsini alikuwa hatutazami tena. Ghafla akaruka, kahawa ikammwagikia mkononi.

— Amefunga! Yule aliyeingia, amefunga kwa mbali kabisa! Ishirini na mbili! Babu, ndiye?

— Sijui, binti yangu.

Lazaros akaweka mkate chini, akajifuta ufuta vidoleni. Kisha, mgongo wake ungali kwa televisheni, akapiga makofi. Taratibu, peke yake.

— Hata kama si yeye, akasema.

Nikaiacha mikono yangu magotini.