Chai Aliyoiusia Mwalimu Idman Rage

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwalimu Idman Rage Adan alizikwa Jumanne wiki hii kabla ya Alasiri, siku ile ile aliyofariki, kama dini yetu inavyoagiza, kwa hiyo maneno haya hayasomwi kumchelewesha njiani, yanasomwa leo Alhamisi, siku ya tatu, katika uwanja wa shule aliyoifundisha, kwa sababu walimu wenzake wameyaomba, na kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza kwamba yakisomwa yasiwe na uongo, maana alikuwa amekaa kwenye matanga mengi akisikia watu wakisifiwa kwa tabia ambazo hawakuwa nazo hata siku moja.

Marehemu alizaliwa Eldas, Wajir, na kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1970, siku ambayo ukiamini karatasi za serikali nusu ya watu wa kaskazini walizaliwa, lakini mama yake, Hooyo Muslimo, alishikilia mpaka anaingia kaburini kwamba ilikuwa masika, ngamia wana maziwa, na kwamba mtoto wa kiangazi asingekuwa na mashavu yale. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Rage Adan, mfugaji, akimfuata kaka yake Mzee Dagane, ambaye yuko nasi hapa na ndiye msimamizi wa matanga haya.

Alianza darasa la kwanza Eldas mwaka 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, na mwaka 1986 akaingia shule ya bweni ya wasichana, ambako muhula wa kwanza alimwandikia mama yake barua kwamba wanalishwa malisho ya mbuzi, akimaanisha sukuma wiki, na kwamba amekataa. Mwaka 1987 mboga ziliadimika, wakala mahindi makavu muhula mzima, fizi zikaanza kuwatoka damu, wasichana wakasema ni jicho la watu, mpaka akaja muuguzi mmoja na kapu la ndimu, na katika wiki mbili damu ikakoma. Wenzake walimshukuru Mungu wakaendelea na masomo, Idman alimshukuru Mungu akakasirika, kwa kuwa kitu chepesi kama ndimu kilikuwa kinajulikana na hakuna aliyewaambia, na hasira ile hakuiacha mpaka mwisho.

Alihitimu ualimu mwaka 1992, akafundisha Eldas kuanzia Januari 1993, na tarehe 11 Desemba 1996 akaolewa hapa Garissa na Bwana Abdiwahab, dalali wa mifugo, ndoa waliyojaaliwa humo watoto wawili, Yakub na Idil, na ugomvi mmoja usiokwisha, juu ya nani anapika chai vizuri zaidi. Mwaka 1998 alihamishiwa shule hii ya Iftin, na hapa ndipo alipofanya kazi miaka ishirini na saba.

Wengi mnaikumbuka chati ya vyakula iliyoletwa kutoka Nairobi, yenye tufaha, zabibu na samaki mwekundu mkubwa kuliko mbuzi, watoto wakaikariri na kupasi mtihani, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai na chapati asubuhi, mchana na jioni. Mwaka 2009 Mwalimu Idman aliigeuza chati ile ukutani, akachora nyuma yake maziwa ya ngamia, nyama, mtama, maharagwe, kunde, na ndizi na tikitimaji za mashamba ya mto Tana, na afisa wa elimu alipokuja na kuuliza iko wapi chati rasmi, alijibiwa kwa adabu kwamba ipo, imegeuka tu. Akapanda kunde nyuma ya madarasa, watoto wakazinywesha maji ya kunawia mikono, na mzazi mmoja akaja mbio kulalamika kwamba mwanawe si mbuzi, naye akamwambia, “Mama, mbuzi wako anang'aa manyoya, hebu mtazame mtoto,” mzazi akamtazama mtoto, akaondoka bila kuaga, na wiki iliyofuata akarudi kuomba mbegu.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingine za marehemu hukohoa na kuruka ukurasa. Mwalimu aliyewafundisha watoto wenu kwamba sukari nyingi ni maradhi na kikombe kinatosha kijiko kimoja, alikuwa akinywa chai ya vijiko vitano, katika chumba cha walimu, akiwa ameupa mlango mgongo. Mwezi Juni 2016 Gumato, mwanafunzi wa darasa la sita, bintiye mlinzi wa shule aliyetoka Wajir, alitumwa kupeleka vitabu katika chumba kile, akaona, na kesho yake katikati ya somo akanyoosha mkono akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, “Mwalimu, kijiko kimoja ni cha sisi wanafunzi peke yetu?”

Darasa lilicheka, kisha likaogopa, likangoja kiboko. Mwalimu Idman aliweka chaki chini, akasema swali ni zuri na jibu lake litakuja, na wiki hiyo hiyo akaenda hospitali kupimwa, jambo aliloliogopa kwa miaka kwa sababu alijua atakachoambiwa. Alirudi Jumatatu, akaandika ubaoni namba kumi na tisa, akawaambia, “Hii ni sukari ya damu ya mwalimu wenu, ya mtu wa kawaida kabla hajala haifiki hata sita, nakilini,” nao wakanakili, na Gumato akalia, akaambiwa afute machozi kwani yeye ndiye daktari wa kwanza kumpima mwalimu wake.

Tangu siku ile hakutia sukari tena, na hapo ndipo alipojua kwamba kufundisha watoto ni rahisi, kazi ni wageni na wenyeji. Sisi hapa chai isiyo tamu humwambia mgeni kwamba njia aliyojia bado iko wazi, kwa hiyo alipowapa watu chai tupu walinuna, na alipokataa yao walinuna zaidi, na kaka yake Mzee Dagane alimuuliza mbele ya wakwe, “Abaayo, unatufukuza, ama umefilisika?” naye akamjibu, “Walaal, nakuhesabia miguu, naona bado miwili, nataka ibaki miwili.” Watu walicheka siku hiyo, ila Mzee Dagane hakucheka, na kwa miaka kadhaa alipomtembelea dada yake alikuja na sukari yake mfukoni, imefungwa ndani ya karatasi.

Maradhi yalikuwa yamemtangulia mbali. Mwezi Agosti 2022 alipata kidonda cha mguu kilichopona kwa shida, na kuanzia Machi 2023 figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, na siku za katikati akija kufundisha, akiwa amekaa. Tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2025 aliandika wasia katika daftari la mazoezi, mbele ya mumewe na watoto, wa mambo matatu: deni lolote litangazwe, kunde zimwagiliwe, na chai ya matanga yake isitiwe sukari, kwa maneno yake mwenyewe, “hata chembe, hata kwa ajili ya wakubwa.” Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari, baada ya sala ya Alfajiri, akiwa nyumbani kwake, Bwana Abdiwahab akiwa amemshika mkono.

Familia inaona haya kusema linalofuata, lakini marehemu alikataza uongo. Jumanne na jana Jumatano mlikunywa chai tamu. Mzee Dagane alisema amemzika dada yake lakini hawezi kuzika na jina la ukoo, kwamba watu wametoka Eldas mpaka hapa na hatawapa maji machungu, na sisi wengine tulinyamaza, kwa sababu kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima, na pia, tuseme kweli, kwa sababu tuliipenda sukari.

Jana adhuhuri aliingia msichana mwenye buibui la kijani na vumbi la safari, akapewa kikombe, akaonja, akakiweka mkekani, akamuuliza Mzee Dagane aliyekuwa karibu naye, “Samahani, adeero, haya ni matanga ya mwalimu gani? Nimepotea nyumba.” Alikuwa Gumato, ambaye sasa anasomea mambo ya lishe chuoni, na kikombe kile kilikaa pale kikipoa mbele ya watu wote. Mzee Dagane aliinuka, akaenda nyuma kwenye masufuria, na akina mama waliokuwa jikoni wanasema aliliendea gunia la sukari, akalifunga mdomo kwa kamba mwenyewe, akakaa juu yake, na hapo ndipo alipomlilia dada yake kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kwa hiyo chai mnayoletewa sasa hivi ina maziwa ya ngamia, tangawizi na iliki, basi. Anayeiona chungu na anywe polepole, anayeshindwa na airudishe bila kununa, na pale langoni Gumato amekaa na kifaa cha kupimia sukari, hakuna malipo, ni tone moja la damu. Mzee Dagane alipimwa wa kwanza leo asubuhi. Namba yake ni siri yake, lakini kikombe chake mnakiona.

Anayemdai marehemu amwone Bwana Abdiwahab. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipokuwa akiwasahihisha, majirani wa Iftin waliolala nasi matangani, walimu wenzake waliombebea vipindi, na wanafunzi, ambao asubuhi hii, bila kutumwa na mtu, tumewakuta wamekwisha mwagilia kunde.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea. Mola aliangazie kaburi lako, Mwalimu Idman, akulaze mahali pa amani. Chai ni ile uliyoagiza.