Ngumi za Asubuhi Nyumbani kwa Mama Mkwe

Mheshimiwa Meneja wa kiwanda, wazee wetu mliokaa mbele, mafundi wenzake Mama, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu unayenitazama kana kwamba tumeoana jana, hamjambo?

Leo tunamuaga mama mkwe wangu, aliyewashonea watoto wa mji huu sare za shule mpaka vidole vikagoma. Mimi bado mgeni katika ukoo huu, na mgeni huona mengi.

Asubuhi yangu ya kwanza pale nyumbani niliwakuta wote mezani wamekunja ngumi. Mama, wifi, hata mpenzi wangu! Nikauliza, "Jamani, nimeolewa na mabondia?" Wifi akacheka hadi chai ikampalia. "Tulia, wifi yangu, tunapima viungo. Mwenye vidole vigumu haoshi vyombo." Nani alikuwa akikunja ngumi nusu tu kila siku? Simtaji, ila amevaa tai niliyomfunga mimi.

Tulicheka, kisha Mama akanivuta jikoni. "Mwanangu, baridi yabisi ilianza kwa mama yangu, ikaja kwangu. Wajukuu wakiipata, utanisamehe?"

Mama, siku ile ile nilikwenda kwa daktari. Akaniambia kinga ya mwili ndiyo inayokosea, inavishambulia viungo vya mwenyewe badala ya kupigana na vijidudu. Vinasaba tunavyorithi huongeza uwezekano, lakini havitoi hukumu. Wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui maisha yao yote. Akaongeza kwamba sigara huzidisha hatari. Hapo, ndugu zangu, nilirudi nyumbani mbio, na mtu fulani akaziaga sigara zake kwa huzuni kubwa kuliko alivyowaaga makapera wenzake!

Sasa Mama anastaafu, na anataka kwenda kupanga chumba peke yake, eti tusiuone ugonjwa wake kila siku. Mama, wewe hukumpa mwanao ugonjwa. Ulimpa hayo macho yanayoniyeyusha, na huo uvivu wa vyombo. Je, hayo nayo nikusamehe?

Chumba chako kiko tayari. Bomba ni la kusukuma kwa kiwiko, na kitasa ni cha kubonyeza, si cha kuzungusha. Kama unakataa, simama ukatae hapa, mbele ya Meneja na mafundi wako wote.

Amekaa kimya! Mmeshuhudia, anahamia kesho.

Nawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu. Asanteni sana kwa kumsikiliza mkwe mwenye furaha.