Baba Yetu Atlee Hershberger, Aliyeacha Ndevu Zake Bangkok

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja na theluji hii ya Machi, Mungu awabariki kwa kila hatua. Haya ni maisha ya baba yetu Atlee Hershberger, kama tulivyoyakumbuka juzi tukiwa jikoni kwake. Mwenyewe asingependa yawe marefu. Alikuwa akisema mtu akisifiwa sana siku ya kuzikwa, huko juu wataanza kumwuliza maswali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1939 karibu na Farmerstown, wilaya ya Holmes, Ohio, mtoto wa sita wa mzee Menno Hershberger na mama Saloma. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata mwenye kigari cha farasi hakuiona njia. Alilegeza hatamu, na farasi akamfikisha mkunga mlangoni peke yake. Baba alisema farasi ndiye aliyemleta duniani, kwa hiyo ilikuwa haki awafanyie farasi kazi maisha yake yote.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyo chini ya kilima, akamaliza darasa la nane mwaka 1953. Hesabu aliziweza. Kuimba kulimshinda, ila hakuacha kuimba. Mwalimu wake alimhamisha kutoka dirishani mara tatu kwa sababu ya kuota macho wazi, na kila mara alionekana amerudi pale pale, wala hakuna aliyemwona akihama.

Alijifunza kazi ya ngozi kwa mjomba wake, na mwaka 1960 akafungua karakana yake ya hatamu na mikanda ya farasi. Wengi wenu mnaijua ile harufu ya ngozi na mafuta, na zile kengele ndogo zilizoning'inia darini zikilia zenyewe upepo ukipita. Mtu alikuja kushonewa mkanda mmoja, akakaa mpaka jioni, akaondoka bila kukumbuka walizungumza nini.

Alibatizwa mwaka 1957. Alhamisi tarehe 16 Novemba 1961 alimwoa Lovina Raber, na tangu siku hiyo akaacha kunyoa ndevu, kama kila mwanamume wa kanisa letu anayeoa. Walingoja zaidi ya miaka sita ndipo akazaliwa Verna, tarehe 3 Machi 1968. Mwaka 1973 alizaliwa Reuben, akaishi siku mbili. Kaburi lake ni lile la tatu kutoka kwenye uzio, na leo baba analala kando yake.

Daktari aliwaambia hapatakuwa na mwingine. Baada ya hapo baba akaanza kuota ndoto moja. Alimwona mtoto ameketi kwenye gogo la karakana anapowekea matandiko, amempa mgongo, anachezesha miguu. Asubuhi mama akimimina kahawa humwuliza, "Amegeuka?"

"Bado."

Ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi, miaka sita.

Mwaka 1979 muuguzi mmoja Mmenonaiti, wa kanisa linalokaribiana na letu, aliyekuwa amefanya kazi Thailand, aliwaambia habari za nyumba ya watoto yatima huko Bangkok na msichana mdogo aitwaye Pim. Barua zilikwenda na kurudi miezi kumi na minne. Sheria ya kule ilitaka wazazi wafike wenyewe mbele ya kamati. Kanisa likaomba, likaruhusu wapande ndege, jambo ambalo kwetu si desturi. Askofu Roman Yutzy aliwaambia, "Nendeni mlivyo, mrudi mlivyo."

Waliondoka Jumatatu tarehe 3 Novemba 1980, baba, mama na Verna aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Ndege ilipopita juu ya mawingu, baba aligandamiza uso dirishani. Mawingu yalikuwa yametandazwa meupe mpaka mwisho wa dunia.

"Lovina," alisema, "nani amezifua shuka zote hizi?"

"Kula," mama akamjibu. "Chakula kinapoa."

Bangkok ilikuwa joto na mvuke, na maua meupe yaliyoanguka bila sauti katika ua wa nyumba ile ya watoto. Pim alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alimwendea mama siku ile ile, akamshika kamba za kofia yake nyeupe. Lakini alipomwona baba alipiga kelele, akajificha nyuma ya mlezi wake, mama Somsri.

Baba alidhani ni kofia yake nyeusi, akaivua. Kesho yake akadhani ni koti, akalivua, akakaa na shati kwenye jua kali. Akajaribu kukaa mbali, mwisho wa ua, akiwashonea watoto viatu vilivyokatika. Watoto wote walimzunguka isipokuwa mmoja. Siku zikafika tisa. Mama Somsri akawaambia kwa upole kwamba kamati ingekaa Alhamisi tarehe 20, na kamati hutazama jambo moja tu, kama mtoto anawaendea wote wawili. Asipomwendea baba, atatafutiwa watu wengine.

"Mwulize anaogopa nini," mama alimwomba.

Mama Somsri alichuchumaa akaongea na Pim, kisha akafunika mdomo kwa mkono ili asicheke. "Anasema kuna mnyama anamla huyu baba. Ameanzia chini, sasa amefika masikioni."

Pale hakuna mwanamume mwenye ndevu aliyepata kuingia. Na sisi, tuliozaliwa kati ya ndevu, tulitazama kila kitu chake isipokuwa hizo.

Jumatano jioni baba aliketi kitandani katika nyumba ya wageni, akazishika ndevu zake za miaka kumi na tisa. Mama alijua anachowaza.

"Ukizinyoa, Roman atasema nini?"

"Roman atasema. Yeye ana maneno. Yule mtoto ana kilio tu."

"Watakutenga, Atlee."

"Wanaweza."

Mama aliinuka, akamfungulia mlango. Palikuwa na kinyozi mtaani, anafanya kazi chini ya mwavuli. Baba aliporudi, Verna alimkimbia kwa kudhani ni mtu mwingine. Kidevu chake kilikuwa cheupe kama yai lililomenywa. Mama alimtazama sana. "Nilisahau kabisa kwamba una kishimo kidevuni," alisema, akageukia ukuta na kulia.

Asubuhi Pim alisimama mbali, kidole mdomoni, akamkagua. Kisha akaja polepole, akatia kidole katika kile kishimo. Akauliza kwa lugha yake, na mama Somsri akatafsiri. "Anauliza mnyama amekwenda wapi."

"Mwambie amekwenda zake," baba akasema, machozi yakimshuka. Akamgeukia mama. "Lovina, amegeuka."

Kamati ilikubali siku hiyo hiyo.

Walifika nyumbani Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980, wanne, theluji ikianguka. Pim alifungua mdomo kuionja, akalala kifuani kwa baba ndani ya kigari mpaka nyumbani, kengele za farasi zikilia kwa mbali kana kwamba zinatoka upande mwingine wa usingizi.

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili tarehe 11 Januari 1981, alipopiga magoti mbele ya waumini. Tunaisimulia kwa sababu mwenyewe hakuificha. Askofu Roman alimwuliza, "Unajuta?"

Baba aliinua uso. "Kulivunja agano la kanisa najuta. Kunyoa sijui kama najuta, Roman. Sitaki kudanganya nikiwa magotini."

Saa ya ukutani ikagonga. Roman, Mungu amrehemu, alifuta miwani yake. "Basi tuombe kwa hilo unalojuta. Hilo lingine tumwachie Mungu, yeye alikuwepo kule."

Adhabu ilibaki adhabu. Hakushiriki Meza ya Bwana majira yale, na mpaka ndevu zifike kifungo cha shati aliketi benchi la vijana wasiooa. Vijana hawakumwacha.

"Karibu, Atlee. Umeshaona binti wa kumpeleka nyumbani?"

"Nimemwona," aliwajibu. "Ana watoto wawili, lakini nitajaribu."

Jioni alimpakata Pim, na Pim alipitisha kiganja kidevuni kwake, kila jioni, kipupwe chote.

"Mnyama anarudi," alisema siku moja, sasa kwa lugha yetu.

"Ndiyo. Lakini huyu ni mpole. Unaona, analala."

Kwa kuwa aliziona zikiota siku kwa siku, Pim hakuziogopa tena. Wakati wa mavuno baba alirudi benchi lake, na Pim ndiye aliyemshika mkono kumpeleka.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka arobaini. Hakuota tena ile ndoto. Alisema hapakuwa na haja, kwa sababu mtoto wa ndoto alikuwa ameketi kwenye gogo lile lile akimsumbua kwa maswali.

Moyo wake ulianza kuchoka Septemba 2022, maji yakamjaa mapafuni. Februari alilazwa, na muuguzi akataka kumnyoa ili barakoa ya hewa ikae vizuri. Baba alimwonyesha Pim kwa kidole. "Mwombe mwenye nazo." Pim alichomoa kamba ya kofia yake, akazifunga ndevu kando, na barakoa ikakaa.

Aliomba arudi nyumbani, akarudishwa. Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa tano asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, alivuta pumzi moja ndefu, hakurudia. Aliishi miaka 84, mwezi mmoja na siku tano.

Alipokwisha kuoshwa na kuvikwa nguo nyeupe, Pim aliomba chanuo. Alizichana ndevu zile polepole mpaka zikalala sawa kifuani, kisha akainama kumnong'oneza.

"Umemwambia nini?" mama akauliza.

"Sijasema naye, Mama. Nimemwambia mnyama amchunge."

Ameacha mjane, Lovina. Binti zake wawili, Verna na mumewe Wayne Mast, na Pim na mumewe Firman Schlabach. Wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, na dada mmoja, Ada. Waliomtangulia ni wazazi wake, ndugu zake wanne na mwanawe Reuben.

Alale baba yetu kwa utulivu, mpaka Bwana asimame mlangoni amwite kwa jina, naye ageuke.