Mama Masjala na Faili la Milioni Moja na Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, Mama Masjala alistaafu Ijumaa iliyopita, tarehe 30, saa kumi kamili jioni. Nasema kamili kwa sababu mimi, jirani yake wa meza, siku hiyo sikubandua macho kwenye saa ya ukutani.

Aliajiriwa kama karani msaidizi, mafaili yetu yakiwa laki sita na ushei. Hakuna lililopotea mikononi mwake, labda yale ambayo wakubwa waliyasahau kwenye magari yao. Wastaafu wote wa miaka hiyo, kila mmoja siku yake ya mwisho, ndiye aliyewafungulia faili la ustaafu.

Lakini wengi tutamkumbuka kwa ugonjwa wake wa namba. Kila faili jipya alilipa namba inayofuata, kisha akaigawa kwenye karatasi chakavu: kwa mbili, tatu, tano, saba, na kuendelea. Ikikataa kugawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, basi ni namba tasa, na chai ya masjala nzima ilikuwa juu yake. Tulikunywa chai, tukajifunza hesabu bila kupenda.

Kwa miaka kumi alituambia kuwa namba yake ya kuagia ni milioni moja na moja. Tasa hiyo, aliapa, ameshaikagua. Mwezi uliopita, kwa kimbelembele changu tu, nikachukua kikokotoo. Lo! Inagawanyika kwa mia moja na moja, unapata elfu tisa mia tisa na moja, hakibaki kitu. Mwenzetu alifika tisini na saba akachoka. Tasa inayofuata ndiyo hiyo mia moja na moja! Nilikaa na siri siku mbili, roho ikiniuma. Nilipomwambia alicheka mpaka akavua miwani, akaomba karatasi.

Akaishika milioni moja na tatu. Aliigawa kwa mkono kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu moja, mia moja sitini na nane kwa jumla, na kila mara kulikuwa na baki. Safari hii ni tasa kweli (nilihakikisha kwa kikokotoo, samahani Mama). Sasa je, mafaili yangefika huko kabla hajaondoka?

Ijumaa saa tisa na nusu tulikuwa milioni moja na mbili. Namba shufwa, hata mtoto wa chekechea anaigawa. Nikamshauri tufungue faili lolote, hata la ufagio. Alinikata jicho: faili lisilo na jambo ndani halipewi namba. Akaanza kufunga makabati. Nilikaribia kulia, sioni haya kusema.

Ndipo mkuu wa utumishi akaingia na bahasha, kuomba faili jipya la ustaafu. Jina juu ya bahasha lilikuwa la Mama Masjala. Aliyewafungulia wenzake wote alikuwa amejisahau mwenyewe!

Akaketi tena, akaandika juu ya jalada, tarakimu moja moja: 1,000,003. Kisha akaagiza chai.

Asante, Mama, kwa mafaili na kwa udadisi wako. Meza yako nimepewa mimi. Jumatatu nilifungua milioni moja na nne, nikajikuta naigawa kwa mbili kabla sijaketi. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi kuliko mafaili yetu.